Alihimili msiba, akaangushwa na uhamisho: uchambuzi wa kisa cha sonona

Kisa hiki cha sonona, ugonjwa wa huzuni na kupoteza hamu unaodumu, kimeandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya na washauri nasaha wanaokutana na watu waliobeba msongo wa muda mrefu. Mhusika aliridhia kitumike kufundishia. Jina, mahali, aina kamili ya kazi na baadhi ya tarehe vimeondolewa au kubadilishwa ili asitambulike. Tutamwita Bwana T. Mdogo wake, ambaye bila yeye kisa hiki kingeishia pengine, tutamwita M.

Usuli

Bwana T. ana miaka 40 na ushei. Ni mgane, ana watoto wawili waliokwisha kuwa wakubwa, na kwa muda mrefu amefanya kazi katika ghala la bidhaa. Ndugu zake wanamjua kama mtu asiyetikisika, na sifa hiyo aliipata mapema. Baba yao alifariki T. akiwa bado shule ya msingi, kisha mama akaugua kwa miaka kadhaa. Yeye, mtoto wa kwanza, ndiye aliyeamka kabla ya wenzake, akawaandaa wadogo zake, na usiku akakaa na mama. M. alikuwa kitinda mimba. Mama yao mkubwa alimchukua, akamlea mpaka alipojitegemea.

Miaka 5 hivi kabla ya kuja kwetu, mke wa Bwana T. alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Alihuzunika sana. Lakini alilala, alikula, alirudi kazini, akawasimamia watoto mpaka wakamaliza shule. Miezi ile ndugu walikuwa wakipokezana kulala nyumbani kwake. Hakuugua.

Jambo moja halikuwa katika kumbukumbu za kituo chochote cha afya. Akiwa na miaka 20 na kitu, baada ya kupoteza kazi yake ya kwanza, T. alijifungia ndani kwa miezi kadhaa, akakonda, akakata mawasiliano na rafiki zake. Hakuna aliyeona kuwa ni ugonjwa. Uliisha wenyewe, na familia ikaendelea kukitaja kipindi kile kama "wakati ule hana kazi".

Tena, ana pumu tangu utotoni.

Mambo yalivyofuatana

Ghalani palikuja uongozi mpya. Bwana T., aliyekuwa msimamizi wa zamu ya mchana, alipelekwa zamu ya usiku kuandika kumbukumbu za mizigo inayoingia. Mshahara ulibaki uleule. Nafasi yake alipewa mtu aliyekuwa chini yake. Hakuulizwa maoni, na alipotaka kujua sababu hakuelezwa.

Miezi ya mwanzo alilalamikia usingizi tu. Halafu pumu ikamrudi kwa nguvu. Upande wa kupokelea mizigo ulikuwa na vumbi, na dawa yake ya kuvuta ya kila siku, ile ya kuzuia, alikuwa ameiacha kwa sababu haimpi nafuu papo hapo. Kila alipobanwa alikwenda kituo kilicho jirani na kazi, akapewa vidonge vya prednisoloni, dawa ya kundi la steroidi inayotuliza uvimbe wa njia za hewa, miligramu 40 kwa siku kwa siku 5 hadi 7. Ndani ya miezi 8 alipata dozi 4 za namna hiyo. Kwa kuwa siku yake ilianza jioni, vidonge vyote 8 vya siku alivimeza jioni, kabla ya kutoka nyumbani.

Kufikia hapo mambo mengine yalikuwa yameanza kubadilika. Kazi ya mikono aliyoipenda, kutengeneza baiskeli za jirani, aliiacha bila kusema lolote. Baiskeli 2 zilikaa ukutani hadi wenyewe wakaja kuzichukua kama walivyozileta. Mchana akilala anashtuka baada ya saa 2 na harudi tena usingizini. Kazini aliandika mzigo uleule mara mbili, akapewa onyo la maandishi, na hakujitetea. M. anasema hilo ndilo lililomtisha kuliko yote, maana kaka yake si mtu wa kunyamaza akionewa.

Bwana T. alikwenda kituo kingine cha afya kwa uchovu na maumivu ya mgongo. Mhudumu alimuuliza kama kuna jambo zito lililompata. Akajibu kwamba amehamishwa zamu. Alipoulizwa kama kuna zito kuliko hilo, alitaja kifo cha mkewe, akaongeza kwamba ni cha zamani na kimeshapita. Kwenye kadi iliandikwa kuwa ana uchovu wa kazi na hakuna tukio kubwa la karibuni. Alitoka na vitamini na dawa ya usingizi ya wiki 2.

Wiki kadhaa baadaye M. alipita kumwona jioni. Alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa sare na viatu, kamba za kiatu kimoja zimefungwa na za kingine bado. Muda wa kuingia kazini ulikuwa umepita zaidi ya saa nzima. Alipomuuliza, "Kaka, vipi?", T. alimjibu kuwa hajui. Kesho yake walikuwa kwetu.

Maamuzi na sababu zake

Tulianza na dodoso la PHQ-9, linalopima dalili za sonona, lenye maswali 9 na alama kuanzia 0 hadi 27. Alipata 19, kiwango kinachokaribia sonona kali, ambayo huanzia 20. Swali la tisa, linalohusu mawazo ya kifo, alilijibu kwamba zipo siku anaona afadhali asingeamka. Tulimuuliza waziwazi kama amewahi kupanga kujidhuru. Hakuwa na mpango wala nia. Pamoja na hayo tuliandika mpango wa usalama papo hapo: dalili zinazotangulia mawazo hayo, nani apigiwe simu usiku, na dawa zote zilizomo nyumbani zitunzwe na M. Wapo wahudumu wanaolikwepa swali hili wakiogopa kumpandikizia mtu wazo la kujiua. Kuuliza hakumfanyi mtu atake kufa, ila usipouliza unabaki gizani.

Uamuzi wa pili ulikuwa kumwomba M. atuletee kila dawa iliyopo nyumbani. Alirudi na mfuko uliojaa karatasi za vidonge zilizotobolewa, na kati yake tulizikuta za prednisoloni, zilizokwisha na zilizobaki nusu. Bwana T. alipoulizwa mwanzo kama anatumia dawa yoyote alisema hatumii. Hakuwa akidanganya. Kwake "dawa" ni ile unayokunywa kila siku, na hizi zilikuwa za kifua tu.

Tatu, tuliuliza kuhusu vipindi vya nyuma, na swali tulimwelekezea M. vilevile. Ndipo kikajitokeza kile kipindi cha ujana. Tuliuliza pia kama amewahi kuwa na siku za nguvu kupita kiasi, usingizi mchache bila kuchoka, maneno mengi, matumizi ya ovyo, hasa siku za prednisoloni. Swali hili lazima litangulie dawa ya sonona, kwa kuwa mtu mwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka (bipolar) anaweza kurushwa juu na dawa hizo, na steroidi peke yake zinaweza kufanya hivyohivyo. Bwana T. alisema siku za mwanzo za kila dozi alihisi moyo unakwenda mbio na hasinzii, basi. Damu ilipimwa hemoglobini, homoni ya tezi ya shingo, vitamini B12 na sukari. Vyote vilikuwa sawa isipokuwa sukari, iliyokuwa juu kidogo.

Hatukupima kortisoli, homoni ya msongo, ingawa M. alikuwa amesoma kuhusu homoni hiyo na akaiomba. Sababu tutaieleza mbele.

Matibabu yalikwenda kwa njia 4 kwa wakati mmoja. Tulimwanzishia setralini, dawa ya sonona, miligramu 50. Tuliandika barua kwa mwajiri kuomba arudishwe mchana kwa sababu za kiafya. Tulimrudishia dawa ya kuvuta ya kuzuia pumu na kumwonyesha upya namna ya kuivuta, ili haja ya prednisoloni ipungue. Na mshauri nasaha akaanza naye mpango wa kurudisha shughuli: mtu anarudi kufanya vitu vidogo vyenye maana kwake kabla hamu haijarudi, kwa kuwa katika sonona hamu mara nyingi huja nyuma ya kitendo. Njia hii imepimwa. Jaribio la COBRA la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2016, lilionyesha kwamba ikitolewa na wahudumu wasio na mafunzo marefu ya saikolojia haizidiwi na tiba ya utambuzi na tabia inayotolewa na wataalamu.

Matokeo

Wiki 2 za mwanzo alama zilishuka hadi 17 tu. Alikuwa na kichefuchefu kidogo, na mpango wa shughuli ulikuwa umekwama kabisa. Mshauri alikuwa amemwandikia ratiba ya wiki nzima, yenye matembezi, kutembelea ndugu, mazoezi, kuandika daftari. Bwana T. aliirudisha ikiwa tupu, ameikunja vizuri.

Ratiba ile iliwekwa kando. M. alileta gurudumu moja la baiskeli lililopinda rimu. Kazi ikawa moja: dakika 20 kwa siku, kukaza na kulegeza spoku mpaka sehemu moja ya rimu inyooke, na kuacha pale sehemu hiyo itakapopita katikati ya uma bila kugusa. Siku ya kwanza alifanya kwa dakika 5. Siku ya nne alifanya kwa karibu saa nzima, na akamwambia M. aliyelipanga gurudumu lile mara ya mwisho hajui kazi. M. alitupigia simu kutuambia tusi hilo kwa furaha kubwa.

Ruhusa ya kurudi zamu ya mchana ilichukua zaidi ya mwezi. Dozi ya setralini ilipandishwa hadi miligramu 100 katika wiki ya 5. Wiki ya 6 alama zilikuwa 11, wiki ya 12 zilikuwa 6. Mawazo ya kifo yalikoma kati ya wiki ya 3 na ya 4. Sukari ilirudi mahali pake. Kumbukumbu ndiyo iliyochelewa. Hata baada ya hamu kurudi aliendelea kwa miezi kuandika kila kitu kwenye kijidaftari.

Mwezi wa 7 alipata mafua makali, pumu ikambana, na prednisoloni haikuepukika. Safari hii ilimezwa asubuhi, tukazungumza naye kwa simu kila baada ya siku 2. Alikosa usingizi usiku 3 na alikuwa mkali nyumbani. Hakuanguka.

Uchambuzi

*Ukubwa wa tukio ulipotosha*

Mhudumu wa kwanza hakuwa mzembe. Aliuliza kuhusu tukio, akalipima kwa jicho la kawaida, akaona uhamisho wa zamu usiopunguza hata mshahara hauwezi kumwangusha mtu aliyezika mke na kusimama. Familia ilifikiri hivyohivyo, na Bwana T. mwenyewe aliona aibu kwa hoja hiyohiyo. Tatizo ni kwamba hoja hiyo inachukulia ustahimilivu kama kitu ambacho mtu anacho au hana. Ingekuwa hivyo, aliyepita mtihani mkubwa angepita na mdogo.

Utafiti hauonyeshi picha hiyo. Kenneth Kendler na wenzake waliwafuatilia mapacha wanawake huko Virginia, Marekani, na mwaka 2000 wakaripoti kwamba uhusiano kati ya matukio mazito na kuanza kwa sonona hupungua kadiri vipindi vya nyuma vinavyoongezeka. Kipindi cha kwanza mara nyingi kina tukio zito nyuma yake, cha nne au cha tano kinaweza kuja kwa jambo dogo, au bila jambo. Robert Post alikuwa ameandika wazo hilo mwaka 1992: kila kipindi huacha alama kwenye ubongo, na alama hiyo inakirahisishia kijacho njia. Wataalamu bado wanabishana kama alama hizo ndizo zinazofanya kazi au kama waliokuwa wepesi kuugua tangu mwanzo ndio wanaougua mara nyingi. Kwa mhudumu wa zamu ubishi huo haubadilishi kitu. Anachohitaji ni kuuliza kuhusu kipindi cha nyuma, hata kama hakikupata jina wala matibabu.

Ukiviweka vipindi viwili vya Bwana T. pamoja na msiba aliouhimili, swali linageuka. Badala ya kuuliza tukio lilikuwa kubwa kiasi gani, unauliza lilimkuta mwili wake ukiwa katika hali gani. Msiba ulimkuta analala usiku, anafanya kazi aliyoimudu, nyumba imejaa ndugu. Uhamisho ulimkuta macho usiku, peke yake, amebanwa kifua, na ana steroidi kwenye damu.

*Homoni ileile kutoka pande mbili*

Mwili ukikabili tishio, haipothalamasi ndani ya ubongo huituma homoni ya CRH kwenye tezi ya pituitari, nayo hutoa ACTH kwenye damu, na tezi za adrenali zilizo juu ya figo hujibu kwa kutoa kortisoli. Kortisoli inapanga nishati, inatuliza mfumo wa kinga, inamwandaa mtu kukabili. Kisha inarudi ubongoni yenyewe, inashika vipokezi vyake, na kuamuru uzalishaji upungue, kama mlinzi anayekizima king'ora alichokiwasha. Mwaka 1968 Bruce McEwen na wenzake walionyesha kwa panya kwamba hipokampasi, sehemu inayohusika sana na kumbukumbu, inaishika kwa wingi kortikosteroni, homoni ya panya inayolingana na kortisoli. Kumbe hipokampasi si msikilizaji wa pembeni katika msongo.

Kwa kawaida kortisoli hupanda kuelekea alfajiri, hufika kileleni takriban nusu saa hadi dakika 45 baada ya kuamka, na huwa chini kabisa karibu na usiku wa manane. Zamu ya usiku inauvuruga mpangilio huo. Usingizi mbovu nao una hatari yake, kwani uchambuzi wa pamoja wa tafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta kuwa watu wenye tatizo la kukosa usingizi wana uwezekano wa karibu mara 2 wa kupata sonona baadaye ukilinganisha na wanaolala vizuri.

Prednisoloni hufanya kazi kupitia vipokezi vilevile vya kortisoli. Miligramu 40 zikiingia jioni, ubongo unapata ishara nzito ya homoni ya msongo katika saa ambazo inapaswa kuwa chini. Steroidi za vidonge zinajulikana kuleta kukosa usingizi, kuchangamka kupita kiasi, huzuni na kuyumba kwa kumbukumbu, na hatari hupanda dozi inavyopanda. Watu wenye ugonjwa wa Cushing, ambao miili yao inazalisha kortisoli kupita kiasi, wengi wao hupata sonona, na mara nyingi hali huimarika homoni inaposhushwa. Ukichanganya na uvimbe wa ndani unaoletwa na pumu isiyodhibitiwa, maana kemikali za kinga nazo zinaweza kuushusha moyo wa mtu (ilionekana wazi kwa wagonjwa wa homa ya ini waliotibiwa kwa interferoni, dawa inayochochea kinga, ambapo wengi walipata sonona), unaona kwa nini hatukuiona dawa ya kuvuta ya kuzuia kama jambo la kifua peke yake. Ilikuwa sehemu ya tiba ya sonona. Kipimo kinachofika kwenye damu kwa njia ya kuvuta ni kidogo mno kulinganisha na vidonge.

McEwen na Eliot Stellar mwaka 1993 walielezea mzigo wa namna hii: mifumo inayomlinda mtu kwa muda mfupi inamchosha ikikaa imewaka. Kwa wanyama, msongo wa muda mrefu unapunguza matawi ya nyuroni (chembe za neva) katika hipokampasi na gamba la mbele la ubongo, huku amigdala, inayohusika na hofu, ikichipua matawi zaidi. Mengi ya mabadiliko hayo kwenye hipokampasi na gamba la mbele hurudi nyuma msongo ukiondolewa. Hatukupiga picha ubongo wa Bwana T., kwa hiyo hatudai ndicho kilichotokea kwake. Lakini kumbukumbu iliyodhoofika na kurejea taratibu baada ya hamu haitushangazi.

*Kunyang'anywa usemi*

Tukio lilionekana dogo kwa sababu lilipimwa kwa mshahara. Alichopoteza Bwana T. ni usemi juu ya siku yake. Hapa maabara ina la kusema. Mwaka 1967 Steven Maier na Martin Seligman walionyesha kwamba mbwa waliopigwa shoti wasizoweza kuzizima, baadaye walilala chini hata pale njia ya kutoroka ilipokuwa wazi. Kwa miongo iliaminika kwamba wanyama wale walijifunza kukata tamaa. Mwaka 2016 watafiti haohao wawili waliandika kwamba walikuwa wameelewa kinyume. Kutojitetea ndiko jibu la asili la ubongo kwa mateso marefu, linaloendeshwa na nyuroni zinazotumia serotonini, kemikali ya kupitisha ujumbe ubongoni, zilizo katika shina la ubongo. Kinachojifunzwa ni kwamba "ninaweza kufanya kitu". Gamba la mbele likigundua kuwa kitendo kinabadilisha hali, linazizuia nyuroni zile.

Kwa msingi huo, gurudumu la baiskeli lilifaulu pale ratiba ya wiki iliposhindwa. Ratiba ilikuwa amri nyingine kutoka juu. Gurudumu lilimpa uhusiano wa moja kwa moja kati ya mkono na matokeo: geuza spoku robo, zungusha, tazama. Hatusemi shina la ubongo wake lilizuiwa na spoku. Tunasema mshauri anayeijua biolojia hii atachagua kazi fupi, yenye mwisho unaoonekana, na iliyo mikononi mwa mgonjwa, kabla ya kumtuma matembezini.

*"Mbona mimi sijaanguka?"*

M. alituuliza swali hili mara ya kwanza kwa fahari kidogo, mara ya pili kwa hofu. Naye alimpoteza baba. Miaka michache nyuma ndoa yake ilivunjika na kazi ikaondoka ndani ya mwaka mmoja. Alitaka kujua kama damu yao ina kitu, na kama kuna kipimo cha jeni.

Jeni zina sehemu yake. Uchambuzi wa tafiti za mapacha uliochapishwa mwaka 2000 ulikadiria kwamba urithi unaeleza takriban asilimia 37 ya tofauti kati ya watu katika kupata sonona. Lakini hakuna jeni moja ya kupima. Mwaka 2003 Avshalom Caspi na wenzake waliripoti kwamba aina moja ya jeni ya kisafirishi cha serotonini huwafanya watu waathirike zaidi na matukio mazito. Habari hiyo ilienea duniani kote na ukiitafuta leo bado utaikuta ikiuzwa kama ukweli uliokamilika. Mwaka 2019 Richard Border na wenzake walizipima jeni 18 maarufu za namna hiyo katika takwimu za watu wengi sana, wasipate ushahidi kwamba zinafanya kazi kuliko jeni zilizookotwa kwa bahati. Kilichopo ni vijisehemu vingi mno vya jeni, kila kimoja chenye athari ndogo. M. aliambiwa ahifadhi pesa zake.

Kipimo cha kortisoli kina historia inayofanana. Mwaka 1981 Bernard Carroll na wenzake walipendekeza kipimo cha deksamethasoni: unampa mtu steroidi usiku, unaangalia kama mwili wake unashusha kortisoli. Baadhi ya wenye sonona kali hawashushi. Lakini wengi wenye sonona hushusha vizuri, na wengine wasio nayo hawashushi. Kwa mtu anayefanya kazi usiku na aliyetoka kumeza prednisoloni, jibu lingekuwa namba isiyo na maana.

Jibu bora tulilokuwa nalo kwa M. lilitoka kwa panya. Katika kazi iliyochapishwa mwaka 2007 kutoka maabara ya Eric Nestler, panya wenye jeni karibu sawa kabisa waliwekwa kwa siku 10 katika kuonewa na panya wakubwa. Sehemu yao waliacha kuwakaribia wenzao na kupoteza hamu ya maji ya sukari. Wengine waliendelea kujumuika. Hawa wa pili hawakuwa wamesalimika na msongo: homoni zao zilipanda vilevile, na wasiwasi walikuwa nao. Tofauti ilikuwa kwamba katika sehemu ya ubongo inayozalisha dopamini, kemikali inayohusika na hamu, shughuli za jeni zilikuwa zimebadilika zaidi kwa wastahimilivu kuliko kwa walioanguka. Mwaka 2014 ikaonekana kuwa nyuroni zao za dopamini zilipokea msukumo mkubwa kuliko hata za walioathirika, zikaongeza mkondo wa potasiamu unaozituliza, zikarudi kwenye mwendo wa kawaida.

Kwa hiyo M. aliyelia kwa miezi na kukosa usingizi baada ya talaka hakuwa nusu ya mgonjwa. Mwili wake ulikuwa kazini. Je, kulelewa kwa mama mkubwa kulimsaidia? Kwa panya, watoto wanaolambwa kidogo na mama zao huwa na vipokezi vichache vya homoni ya msongo katika hipokampasi, na jeni ya kipokezi hicho hubeba alama za kikemikali zinazoipunguza sauti. Wakihamishiwa kwa mama anayelamba sana, alama hubadilika. Kazi hiyo ya Michael Meaney na wenzake ya mwaka 2004 inavutia kiasi kwamba ni rahisi kuirukia na kuifanya hadithi ya ndugu hawa wawili. Tulijizuia. Tofauti tunayoijua kwa hakika ni kwamba mwaka wa shida M. alikuwa analala usiku, na hakuwa na kipindi cha nyuma.

*Kilichofanya kazi na kilichokwama*

Mfuko wa dawa ulikuwa na faida kuliko maswali yetu yote ya siku ya kwanza. M. kuwepo chumbani kulituletea kipindi cha ujana ambacho Bwana T. hakukiona kuwa cha kutaja. Kuuliza kuhusu kujiua mapema, na kwa maneno ya wazi, kulifanya wiki 3 za mwanzo ziwe salama kiasi.

Kilichokwama, mbali na ratiba, ni barua ya kazini. Iliandikwa kwa lugha ya hospitali na ikazunguka mezani kwa watu wasiojua la kufanya nayo. Barua ya pili, yenye sentensi 3, ikisema anahitaji kulala usiku kwa miezi 6 kwa sababu ya kiafya, ndiyo iliyofungua mlango. Nayo mawaidha ya ndugu ya "jikaze, ulishapita makubwa" yaliendelea hadi mwezi wa pili, kwa sababu hatukuwaita mapema kuwaeleza.

Na kuna hili ambalo uchambuzi wowote wa haki lazima uliseme: tulibadilisha dawa, zamu, pumu na shughuli karibu kwa pamoja. Nani alifanya kazi gani, kisa kimoja hakiwezi kueleza. Angekuwa ndugu yetu, tungefanya vilevile.

*Dawa iendelee hadi lini*

Bwana T. sasa anajisikia mzima na anataka kuacha setralini. Ana vipindi 2 tayari, na pumu inayoweza kumrudisha kwenye prednisoloni wakati wowote. Tulimweleza jaribio la ANTLER la Uingereza, la mwaka 2021, lililohusu watu walioitumia dawa kwa muda mrefu na kujisikia vizuri: ndani ya wiki 52 sonona iliwarudia asilimia 39 ya walioendelea na dawa, na asilimia 56 ya walioacha taratibu. Alizitazama namba hizo akasema zote mbili hazimridhishi, maana hata wanaoendelea wanaugua, na wapo wengi walioacha wasiugue. Ni kweli. Tumekubaliana aendelee mpaka msimu wa mafua upite, kisha dozi ipunguzwe polepole kwa miezi kadhaa, M. akiwa na nakala ya dalili za mwanzo. Ya kwanza kwenye orodha hiyo aliiandika Bwana T. mwenyewe: akiona baiskeli ya mtu imekaa ukutani wiki nzima bila kuguswa.